Kenya imeshuka ama dunia imepanda? Jibu kwa mwalimu wa Njoro

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo kwa sekondari moja upande wa Njoro, Nakuru. Tangu mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo 2025 hatulali kwa ofisi ya walimu. Wengine wanasema Kenya imekwisha, ati hata mbio za mita 3000 za viunzi na maji tumenyang'anywa mpaka na New Zealand. Wengine wanasema hatujaisha, tumefungwa mikono na hii sheria ya wakimbiaji watatu kwa kila nchi. Ukweli uko wapi? Halafu niko na kijana wa kidato cha tatu mzuri wa viunzi na maji, na msichana mrefu anapenda kurusha mkuki ingawa hata mkuki wa maana hatuna. Kwa dunia ya sasa nani ana nafasi zaidi?

JIBU: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Wanaosema tumekwisha hawajahesabu, na wanaosema tumeonewa pia hawajahesabu, kwa hivyo wacha tuhesabu pamoja.

Tokyo 2025 Kenya ilimaliza ya pili duniani nyuma ya Marekani, dhahabu 7, fedha 2, shaba 2, jumla 11. Sasa rudi nyuma mpaka Beijing 2015, ule mwaka tuliongoza jedwali lote, Jamaica na Marekani wakiwa nyuma yetu, watu wakapiga kelele mpaka Eldoret ikakosa usingizi. Dhahabu zilikuwa ngapi? 7. Zile zile. Tulichopoteza ni fedha na shaba, maana Beijing jumla ilikuwa 16. Hiyo si nchi imekwisha, hiyo ni nchi ambayo bado iko na bingwa lakini yule wa pili na wa tatu wake wamepata majirani wapya.

Lakini usiishie hapo kwa jumla, juu jumla inadanganya. Fungua hizo 7 uone ndani kuna nani. Beijing wanaume walileta 5: Rudisha mita 800, Asbel Kiprop 1500, Kemboi viunzi na maji, marehemu Nicholas Bett mita 400 viunzi, na Yego kwa mkuki. Wanawake 2, Vivian Cheruiyot na Hyvin Kiyeng. Tokyo imegeuka kabisa, wanawake 6 na mwanaume mmoja tu, Emmanuel Wanyonyi wa Trans Nzoia kwa mita 800. Yaani akina dada walibeba kila mbio kuanzia mita 800 mpaka marathon, hakuna hata moja waliyoacha: Lilian Odira, Faith Kipyegon, Beatrice Chebet mara mbili, Faith Cherotich, Peres Jepchirchir. Na huyo Odira, binti wa Migori hapa chini tu, alikimbia 1:54.62 akafuta rekodi ya mashindano iliyokuwa imekaa tangu 1983. 1983, mwalimu. Wengi wenu hapo ofisini hamkuwa mmezaliwa.

Kwa hivyo swali la ofisi yenu lingekuwa hivi: wanaume wetu wameenda wapi? Upande wao Tokyo ulileta dhahabu ya Wanyonyi na shaba mbili, Edmund Serem na Reynold Cheruiyot, basi. Mita 10,000 ilienda kwa Mfaransa, Jimmy Gressier, 5000 kwa Mmarekani, Cole Hocker, 1500 kwa Mreno, Isaac Nader, na marathon ilienda kwa jirani, nitamfikia.

Kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia. Tokyo kulikuwa na mashindano 49, na medali zetu zote 11 zilitoka kwa 12 tu kati ya hayo, yaani mita 800 kwenda juu, wanaume sita wanawake sita. Olimpiki ya Paris 2024 hivyo hivyo, medali 11 na zote ni za 800 kwenda juu. Hayo mengine 37, kuruka, kurusha, mbio fupi, kupokezana vijiti, tunayaangalia kwa TV kama watalii. Na ukiwa umeweka mayai yako yote hapo, jirani yeyote akiamka asubuhi akaamua kukimbia 5000 vizuri, wewe unaisikia moja kwa moja mfukoni. Marekani haina hiyo shida, wakipoteza mkuki wanapata mita 100, wakipoteza 100 wanapata vijiti.

Na majirani wameamka kweli. Tokyo nchi 53 zilipata angalau medali moja, haijawahi kutokea tena kwa historia ya hayo mashindano. Uruguay ilipata shaba ya marathon ya wanawake. Samoa, ndio hiyo ya raga, ilipata shaba ya kisahani. Na Tanzania, Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya marathon kwa sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros, kilomita 42 zote halafu mnaachana kwa kifua! Hiyo ni dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania, na mimi nilishangilia kama ni yetu, sijali nani ataninunia. Mwaka mmoja kabla yake, kule Paris, Julien Alfred wa Saint Lucia alishinda mita 100 ya wanawake, kisiwa cha watu 180,000 hivi, Thea LaFond wa Dominica akashinda miruko mitatu, na Arshad Nadeem wa Pakistan akarusha mkuki mita 92.97.

Hapa ndipo nataka utulie kidogo, juu watu husoma hii orodha wakasema ah, dunia sasa imekuwa sawa. Si sawa hivyo. Alfred alikuzwa na chuo kikuu cha Texas. LaFond alisomea Maryland. Mrusha kisahani wa Samoa, Alex Rose, na yule dada wa Uruguay, Julia Paternain, wote wamepitia vyuo vya Marekani. Geordie Beamish wa New Zealand, huyo anayewakosesha raha, alisomea Northern Arizona na sasa anafanya mazoezi na kikundi kiko Colorado. Bendera ni nyingi lakini jiko ni moja. Marekani inapika wanariadha wa dunia nzima kwa masomo ya kulipiwa, halafu wanarudi kuvaa rangi za kwao, na hiyo ndio sababu kubwa ya hizo nchi 53, kubwa kuliko mpango wowote wa World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Hata vijana wetu wengi wa hapa sasa wanapitia huko.

Kuna walio tofauti, na hao ndio ningependa kaunti yenu iwaangalie. Botswana. Hiyo nchi ina watu kama milioni 2.4, na kaunti ya Nakuru peke yake ilikuwa na milioni 2.16 kwa sensa ya 2019, kwa hivyo ni kama Nakuru iwe na bendera yake. Letsile Tebogo alishinda mita 200 Paris kwa 19.46 akiwa amekulia na kufunzwa nyumbani. Tokyo Busang Kebinatshipi akashinda mita 400 kwa 43.53, halafu wakawapiga Wamarekani kwa vijiti vya 4x400, rais wao akatangaza siku nzima ya mapumziko. Na usiniambie mbio fupi si damu yetu. Olimpiki ya Munich 1972 dhahabu ya 4x400 ilikuwa ya Kenya: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza hapo ni Wakisii. Ni kweli Marekani hawakupanga mstari siku hiyo, wawili walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia, lakini Mexico 1968 Marekani walikuwepo kamili na sisi tulikuwa wa pili. Huo moto tuliuacha uzime wenyewe kwa sababu mbio ndefu zilikuwa zinalipa.

Sasa twende kwa viunzi na maji, najua ndio inauma.

Kuanzia Mexico 1968 mpaka Rio 2016 kila Olimpiki Kenya iliyohudhuria, mwanaume Mkenya alishinda hiyo mbio. Tuliikosa 1976 na 1980 kwa sababu tuligoma kwenda. Kwa mashindano ya dunia, kuanzia 1991 mpaka 2019 kila bingwa alizaliwa Kenya, hata zile mbili za 2003 na 2005 za Qatar zilikuwa za Saif Saaeed Shaheen ambaye alikuwa Stephen Cherono wa kwetu. Ni timu chache sana za mchezo wowote zimewahi kutawala hivyo. Halafu ikasimama. Doha 2019 Conseslus Kipruto alimpiga Muethiopia Lamecha Girma kwa sekunde 0.01, na hiyo ndio ya mwisho mpaka leo. Olimpiki ya Tokyo 2021, dunia 2022, dunia 2023, Paris 2024, zote nne ni za Soufiane El Bakkali wa Morocco, halafu 2025 Beamish.

Mimi naona mambo matatu yamegongana hapo, na sitajifanya yanalingana uzito. Kubwa ni pesa za barabarani. Bingwa wa dunia analipwa dola 70,000, na ni mara moja kwa miaka miwili. Mshindi wa marathon ya Boston analipwa dola 150,000 kila mwaka, bado hujaweka pesa za kualikwa. Kijana wa miaka 21 na familia nyuma yake utamwambia nini? Zamani alikuwa anakaa kwa traki mpaka miaka 28 ndio anaenda barabarani, siku hizi anaruka traki kabisa. Na mwishoni mwa 2019 World Athletics wenyewe walitangaza kwamba viunzi na maji, mita 200, kisahani na miruko mitatu zitapunguzwa kwa Diamond League, ile ligi ya riadha ya kila mwaka, ya 2020, korona ikavuruga hiyo mipango na baadaye zikarudi, lakini meneja aliyesikia hiyo habari hakuhitaji kuambiwa mara mbili ampeleke kijana wake wapi.

La pili ni vile mbio yenyewe inakimbiwa. Ile Kenya ya zamani ilikuwa inakimbia kama timu, watatu mbele wanabadilishana kuvuta, wakifika mita 1000 za mwisho wageni wamepumua mpaka wameisha. Barcelona 1992 tulipata ya kwanza, ya pili na ya tatu. Athens 2004 tena hivyo. Beijing 2015 mpaka ya nne. Sasa hivi kila mtu anajikimbilia yake. Fainali ya Tokyo 2025 ilishindwa kwa 8:33.88, mwalimu, hiyo ni kasi ambayo rekodi ya dunia ya Girma, 7:52.11, ingekuwa imeshaoga na kunywa chai. Mbio ikiwa polepole namna hiyo anashinda mwenye mguu wa 1500, na Beamish ni mtu wa 1500, alimpita El Bakkali mita za mwisho kabisa. Nani alimruhusu mtu wa 1500 afike kengele akiwa mzima? Sisi. Hapo siwezi kulaumu sheria ya mtu.

La tatu ni kwamba wengine wamejifunza kazi yetu. Wanakuja Iten ama wanatafuta milima yao, Flagstaff, Font-Romeu, St. Moritz. Viatu vya kisasa kila mtu anavyo. Wanorwe wana mazoezi yao ya kupima damu kwa sindano kila baada ya raundi chache. Hii naipita haraka kwa sababu haizuiliki, kitu kikishajulikana kimejulikana.

Haya, sheria ya watatu. Ni kweli ipo, kila nchi inaruhusiwa watatu kwa kila shindano, na kwa mashindano ya dunia bingwa mtetezi ama mshindi wa Diamond League anaweza kuingia kama wa nne. Lakini haikuletwa jana ili kutumaliza, ilikuwepo tukichukua medali 16 Beijing. Kitu hakikubadilika hakiwezi kueleza kilichobadilika. Na si sisi tu inaumiza. Mmarekani wa nne kwa mchujo wao wa mita 100 ni mtu angeingia fainali ya dunia vizuri tu, anakaa nyumbani. Mimi binafsi naiunga mkono, na sababu yangu ni mbio za nyika. Wanaume wetu walishinda taji la timu miaka 18 mfululizo, 1986 mpaka 2003, mpaka Ethiopia ikaja kuvunja. Tulifurahi sana. Huku nyuma nchi nyingi za Ulaya zikaanza kuacha kutuma timu, watazamaji wakapungua, na baada ya 2011 mashindano yaliyokuwa ya kila mwaka yakawa ya kila miaka miwili. Sisemi ni sisi peke yetu tuliyachosha, lakini mbio ambayo mshindi anajulikana tangu nyumbani hakuna kampuni inailipia matangazo, na bila matangazo hata huyo mshindi halipwi.

Ubaya wa hiyo sheria ni mwingine kabisa. Wa nne wetu hakai nyumbani, anahama. Angalia viunzi na maji ya wanawake. Rio 2016 dhahabu ilienda kwa Ruth Jebet wa Bahrain. Dunia 2022, Norah Jeruto wa Kazakhstan. Dunia 2023 na Paris 2024, Winfred Yavi wa Bahrain. Wote watatu wamezaliwa Kenya. Na mpaka leo Kenya yenyewe haijawahi kushinda hiyo mbio ya wanawake Olimpiki, hata mara moja! Cherotich alipompiga Yavi Tokyo, ilikuwa Mkenya kumpiga aliyekuwa Mkenya. Sasa kwa jedwali hiyo inaonekana ni dunia imekuwa sawa, nchi nyingi zinashinda, kumbe ni vijiji vile vile. World Athletics walisimamisha uhamisho 2017, wakaufungua 2018 na masharti: uwe umefika miaka 20, usubiri miaka mitatu, na uhame mara moja tu. Imepunguza ununuzi wa watoto, haijamaliza biashara.

Dawa za kuongeza nguvu sitakaa sana juu mnajua. 2022 nusura tufungiwe nchi nzima, serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana nazo, na tangu hapo wanaokamatwa ni wengi. Mimi naona heri wakamatwe. Lakini usimwambie mtu hizo ndizo zilitupa ushindi ama kutokuwa nazo ndiko kumetushusha, akina dada wanapimwa na bado wamechukua 6 kwa 6.

Sasa watoto wako.

Kijana kwanza. Nafasi anayo lakini mlango umejaa watu. Kuingia Tokyo 2025 muda uliotakiwa ulikuwa 8:15.00, na kabla hajafika huko lazima apite mchujo wa Kenya, ambao bado ni mgumu kuliko nusu fainali nyingi za dunia. Kwa hivyo usimharakishe. Mpe 1500 nyingi mwaka huu na ujao, umeona fainali zinavyoshindwa, kijana asiye na kasi ya mwisho siku hizi anakuwa msindikizaji tu. Kwa viunzi, mbio nzima ina 28 vya kawaida na saba vya maji, jumla 35, ukipoteza kidogo kidogo kwa kila kimoja umepoteza mbio. Mfundishe kuruka kwa mguu wowote, wa kulia na wa kushoto, asiwe anapima hatua. Kiunzi fundi wa jua kali atakutengenezea cha mbao, sentimita 91.4, kiwe kizito kisianguke, mtoto akizoea kinachoanguka anajifunza uzembe. Na darasani akazane, maana alama nzuri ndizo zitampeleka Marekani hata miguu ikichelewa.

Msichana ndio ana nafasi kubwa zaidi, na najua ofisi yenu itacheka. Mkuki saa hii ndio uwanja uliosawazika kuliko wote kwa riadha. Wanaume Tokyo mshindi alitoka Trinidad, wa pili Grenada. Wanawake alishinda Juleisy Angulo wa Ecuador kwa mita 65.12, wa pili Latvia, wa tatu Australia. Paris alishinda Mjapani. Hakuna nchi imekalia hiyo kitu, na hapa nyumbani foleni ni fupi, hakuna wasichana hamsini mbele yake kama kwa 5000. Nadeem mwenyewe miezi michache kabla ya kushinda Paris alikuwa analalamika hadharani mkuki wake umechakaa. Yego alianza kwa kuangalia video za intaneti huko Nandi, halafu baadaye akapata nafasi ya kwenda Finland kufunzwa vizuri.

Mkuki wa wanawake ni gramu 600, na kama hajafika miaka 18 kuna wa gramu 500, anzia huo, bega la mtoto si la kuchezea. Kabla haujapatikana arushe mipira mizito na mianzi iliyonyooka, mkono upite juu ya bega, siyo kwa ubavu vile wengi wanarusha jiwe. Asirushe kwa nguvu kila siku, siku mbili kwa wiki zinatosha, zingine afanye kuruka na mgongo. Niandikie umri wake, urefu, na anafika mita ngapi akiwa amesimama tu bila kukimbia, kisha nitakuambia kama tuanze kutafuta mkuki ama tungoje mwaka.